Kuhamia Tanga mjini: mwongozo kamili wa kupanga, kula na kununua nyumba kati ya Ngamiani na Raskazone

Watu wanaohamia Tanga siku hizi huja kwa mambo tofauti. Yupo aliyepata kazi bandarini, yupo anayefuata shughuli za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, urefu wa kilomita 1,443, na yupo mstaafu aliyechoshwa na foleni za Dar es Salaam anayetaka kuzeekea karibu na bahari. Wakifika, wengi huuliza kitu kimoja kwanza: nyumba bei gani?

Mimi nawasihi waanze na swali jingine: nyumba ni ya nani? Katika mitaa ya zamani ya mji huu ni nadra nyumba kuwa ya mtu mmoja. Ilijengwa na babu, wakazaliwa humo watoto wa mama wawili au watatu, mmoja sasa yuko Mombasa, mwingine Muscat, mwingine ametangulia mbele ya haki na kuacha wanawe. Anayesimama mlangoni na kusema "nauza" anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado asiwe na haki ya kuuza peke yake. Jambo hilo haliandikwi kwenye tangazo wala dalali haanzi nalo. Linajulikana barazani, na barazani hukaribishwi siku ya kwanza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupanga, unapita sokoni na kwenye kahawa, ndipo unafika kwa wakili.

Hatua ya 1: Ujue mji ulivyokaa

Tanga mjini ni tambarare, na mtu mwenye baiskeli anaifikia karibu kila sehemu bila kutoka jasho jingi. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 ndiyo alama rahisi ya kushika ramani. Upande wa bahari kuna mji wa maofisi, benki, bandari, mnara wa saa, Bustani ya Jamhuri na Boma ya zamani ambayo sasa ni makumbusho yanayosimamiwa na shirika la Urithi. Ukisimama hapo ukatazama majini unaona Kisiwa cha Toten. Upande wa pili wa reli kuna Ngamiani.

Ngamiani ndio moyo wa uswahilini. Barabara zake zina namba, ya kwanza hadi ya ishirini na moja, kwa hiyo mgeni hapotei. Mtu akikwambia "barabara ya nane, karibu na msikiti", utafika. Nyumba nyingi ni za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma wenye jiko, choo na pengine kisima. Maduka, mafundi, mashine za kusaga na wauza vitafunwa wako mlangoni.

Ukitoka mjini kwa njia ya Hospitali ya Bombo, miti inakuwa mikubwa na nyumba zinaachana. Huko ni Raskazone, kwenye ncha ya ardhi inayoingia baharini. Viwanja ni vipana, upepo ni mwingi, jioni watu hushuka kuogelea. Ndipo majeshi ya Waingereza yaliposhuka Novemba 1914 na kupigwa vibaya, na mpaka leo kinachosimuliwa zaidi katika vita vile ni nyuki waliowavamia askari. Chumbageni iko kati na kati kwa tabia: si ya pilikapilika kama Ngamiani, wala si ya ukimya kama Raskazone.

Ushauri wangu kwa familia yenye watoto wadogo na isiyo na gari ni Ngamiani au Chumbageni. Raskazone inapendeza sana, lakini unaweza kukaa miezi bila kumjua jirani, na kwa mgeni huo ni upungufu mkubwa kuliko anavyodhani. Sahare ni nzuri kwa anayependa kuwa karibu na wavuvi. Kange, iliko stendi kuu ya mabasi, inafaa mtu wa safari za mara kwa mara, ila ukikaa huko kila shughuli ya mjini inakudai nauli.

Hatua ya 2: Panga kwanza, na upange kwa msimu

Kaa kwenye nyumba ya kupanga muda wa kutosha kuonja pepo za misimu yote miwili, kaskazi na kusi. Nyumba iliyo baridi na yenye raha mwezi wa saba inaweza kuwa tanuri mwezi wa pili, kaskazi inapovuma na unyevu ukipanda. Na nyumba kavu ya Januari unaweza kuikuta Aprili, katikati ya masika, maji yamejaa uani hadi kizingitini. Hakuna dalali anayeweza kukuonyesha masika mwezi wa tisa. Ukipata nafasi ya kuchagua wakati wa kuja kutafuta, njoo mvua zikiwa zinanyesha.

Vyumba hupatikana kwa aina zinazojulikana: chumba kimoja cha kushirikiana choo, chumba na sebule, chumba chenye choo chake ndani, au nyumba nzima. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali kwa kawaida huchukua kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Jadiliana kwa adabu ulipe miezi mitatu ya mwanzo. Ukimwambia mwenye nyumba, "Mama, naomba nianze na mitatu, tukizoeana nitalipa mwaka," mara nyingi atakuelewa kuliko ukianza na mabishano ya bei.

Kabla hujalipa, fanya haya. Nenda nyumba hiyo mara mbili: adhuhuri, uone joto, na usiku baada ya isha, uone mtaa unavyokaa. Fungua mabomba yote. Uliza kama mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia, maana kuchangia umeme ndiko kunakoleta ugomvi mwingi katika nyumba za wapangaji. Uliza maji hukatika lini na kama kuna tangi. Maji ya mji hutoka Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mwaka 2024 ilikopa kwa umma kwa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma; hata hivyo, hali ya bomba la mtaa wako utaambiwa na jirani mwenye ndoo, si na karatasi. Angalia nyavu za madirishani, kwa sababu mbu wa pwani hawana mapumziko.

Andika mkataba, hata kama mwenye nyumba ni mcha Mungu anayeheshimiwa. Mkataba unamlinda na yeye pia, hasa akifariki na warithi wakaja wasikujue.

Ukishahamia, siku hizo hizo nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukajitambulishe na kuandikwa. Mpitie na balozi wa nyumba kumi kama yupo. Halafu zungukia nyumba tatu nne za jirani, uwaamkie wakubwa, useme unatoka wapi na unafanya kazi gani. Hili lifanyike mapema, kabla hujawa na shida ya kumgongea mtu mlango.

Hatua ya 3: Kula kama mwenyeji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chakula cha Tanga kina ratiba, na ukiijua ratiba umeujua mji.

Alfajiri baada ya swala, moto unawashwa vibarazani. Mama anakaanga vitumbua, jirani yake ana mahamri na mbaazi za nazi, wa tatu ana chapati na maharage. Nunua ukiwa na chombo chako, na chagua mama mmoja uwe wa kwake. Mteja wa kila siku huwekewa, na siku ukichelewa anamtuma mtoto akuulizie. Maziwa hayana tabu, mji huu ndio wenye kiwanda cha Tanga Fresh, na mtindi baridi kwa mkate wa mchele ni kifunguakinywa kinachotosha mtu mzima.

Samaki hununuliwa mapema. Mialo ya kwenda ni Deep Sea na Sahare, wavuvi wanaporudi na ngalawa na mashua. Nenda na mtu anayejulikana siku za mwanzo, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo huuzwa kwa mnada na wachuuzi wana kasi. Kibua na tasi ndio wa kila siku. Changu na chewa ni wa mchuzi mzuri. Nguru na kolekole hukatwa vipande. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, maji yanapojaa sana kisha yakakupwa mbali na watu wakaenda kuchokoa miambani. Siku za maji mafu, yasipojaa sana wala kukupwa mbali, usishangae akiadimika na bei ikipanda. Tazama mashavu ya samaki yawe mekundu, macho yawe yamejaa. Kisha mbonyeze. Samaki wa baruti, yaani aliyeuawa kwa mlipuko, nyama yake ni tepetepe na ukimpasua utaona uti umevunjika na damu imevia ndani. Usimnunue hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Pwani ya Tanga iliumizwa sana na baruti, matumbawe yakavunjwa, na kila anayemnunua samaki yule anamlipa aliyeilipua.

Mboga, nazi na matunda ni soko la Mgandini au la Makorora. Machungwa ya Muheza yakiingia msimu hujaa kila kona, na ndimu, maembe, mafenesi na viungo hushuka kutoka Amani na Usambara. Nazi ichague nzito, uitikise usikie maji. Ukitaka kula chakula cha wenyeji hasa, omba bada, ugali wa muhogo, kwa mchunga na samaki wa nazi. Mchunga ni mchungu, na wageni wengi huuacha mara ya kwanza. Jaribu tena siku nyingine ukiwa na njaa ya kweli. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuungwa na tui zito, papa mkavu wa mchuzi, wali wa nazi siku ya Ijumaa: hivi utavikuta majumbani kuliko hotelini, na ndiyo sababu nyingine ya kujuana na watu.

Mchana hotelini kula pilau au wali samaki kwa juisi ya ukwaju au mabungo. Jioni ndipo mji unapoamka upya. Kuna mihogo ya kuchoma na ya kukaanga yenye chachandu ya embe, mishkaki, viazi vya karai, kachori, supu ya pweza. Watu hukaa Bustani ya Jamhuri au ufukweni Raskazone na familia zao. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hupinduka: mchana vibarazani kimya, magharibi futari ya mihogo, magimbi, ndizi na tambi, na usiku masoko ya vyakula hadi saa za daku. Hata kama wewe si Mwislamu, usile wala kunywa hadharani mchana wa mwezi huo, na ukialikwa futari, nenda. Kumkatalia mtu futari ni kumvunja moyo.

Kisha kahawa. Baada ya alasiri na baada ya isha, wazee hukutana barazani, muuza kahawa anapita na birika lake na vikombe, kashata pembeni. Hapo huzungumzwa mpira kwanza, na Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ndiyo ajenda ya kudumu, hasa kukiwa na mechi Mkwakwani. Baadaye yanafuata mambo ya mtaa: nani amefiwa, nani anaozesha, nani amerudi kutoka safari. Wewe toa salamu kwa kila mmoja, kuanzia aliye mkubwa, shikamoo kwa wazee, nunua duru moja ya kahawa, usikilize. Usitaje habari za kununua nyumba. Wakati wake utafika wenyewe.

Hatua ya 4: Julisha nia yako kwa njia yake

Ukishakaa, ukawa umehudhuria misiba na harusi za mtaa na jina lako linajulikana, mwambie mzee mmoja unayemwamini: "Babu, nimeupenda mji, natafuta nyumba ya kukaa na familia yangu." Maneno hayo yanatosha. Ndani ya siku chache watu wataanza kukuletea habari, na habari zitakuja na historia zake: ile ya barabara ya kumi ndugu hawasemezani, ile ya pembeni mama mwenyewe yuko hai na ana akili zake timamu, ile yenye ghorofa haiwezi kuuzwa, waliomo ni wapangaji. Hutapata taarifa kama hizi ofisi yoyote.

Dalali bado ana kazi yake, hasa Raskazone na viwanja vya pembezoni. Mtumie akuonyeshe nyumba, usimtumie akuthibitishie mwenye nyumba. Analipwa biashara ikifanyika, na hilo peke yake linatosha kukufanya uhakikishe mwenyewe.

Hatua ya 5: Jua nyumba ni ya nani

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda kuliko zote. Nyumba za mji wa zamani huangukia katika mafungu haya, na kila fungu lina njia yake.

*Nyumba ya mirathi.* Aliyejenga amefariki, na hati bado ina jina lake. Mtu pekee anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambayo kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi, wala muhtasari wenye saini za ndugu. Omba kuona barua ya usimamizi, kisha nenda mahakama iliyoitoa ukaulize namba ya shauri na kama kuna pingamizi. Omba orodha ya warithi. Halafu kutana nao, wote unaoweza kuwafikia, na walio mbali uzungumze nao kwa simu mbele ya msimamizi. Waulize kila mmoja kama anajua nyumba inauzwa, kwa bei gani, na kama ameridhika. Inachosha. Lakini mrithi mmoja wa kike aliyefichwa kwa sababu ameolewa mbali anaweza kurudi na shauri baada ya wewe kupiga plasta na kuweka vigae, na mara nyingi atakuwa na haki. Kumtafuta mapema ni kumtendea haki yeye kabla ya kujilinda wewe.

*Nyumba ya wakfu.* Aliyeijenga aliitoa kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi chake, kwamba isiuzwe wala kurithiwa. Mji wenye historia ya Kiislamu kama Tanga una nyumba za aina hii, na nyingine zimekaliwa muda mrefu hadi wakaao wanaona ni zao. Uliza msikiti wa karibu, uliza wazee, uliza ofisi ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Ukiambiwa ni wakfu, achana nayo hapo hapo.

*Nyumba ya Shirika.* Ghorofa nyingi nzuri za katikati ya mji, zenye roshani na madirisha marefu, zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 za wakati huo. Zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Aliyemo ni mpangaji. Akikuomba fedha za kilemba ili akuachie nafasi, anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Ukitaka kukaa humo, nenda ofisi ya Shirika uombe upangaji kwa jina lako.

*Nyumba ya mwenye hati aliye hai.* Hii ndiyo rahisi, ila bado kuna mwenzi wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama ana wake wawili, uliza nyumba hiyo ni ya mke yupi na uchukue ridhaa kwa maandishi. Wachache hupenda kuulizwa hili. Uliza kwa heshima, mbele ya wakili, na lisiachwe.

Sasa hati yenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na wewe hupewa haki ya kuitumia kwa kipindi, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Tazama kipindi kilianza lini. Barua ya toleo, ambayo watu huiita ofa, ya miaka 33 iliyotolewa 1990 ilimalizika 2023, na kama haikuhuishwa unanunua jengo lenye maswali. Viwanja vya zamani vya mjini vilivyokuwa milki huru tangu wakati wa ukoloni viligeuzwa mwaka 1963 kuwa vya kipindi cha miaka 99. Hesabu miaka iliyobaki kabla hujafurahia bei. Leseni ya makazi si hati, na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa ni ushahidi wa mapatano tu.

Peleka nakala ya hati kwa Msajili wa Hati, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, uombe upekuzi rasmi. Upekuzi utakuonyesha jina lililosajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio la mahakama au la mtu mwingine. Fanya upekuzi mwanzoni, na uurudie siku chache kabla ya kulipa. Pitia pia idara ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji uulize kama kiwanja kimo kwenye upanuzi wa barabara. Uombe uonyeshwe risiti za kodi ya pango la ardhi za miaka ya nyuma. Deni lake hufuata kiwanja.

Kwa nyumba za Raskazone na Sahare zinazotazama maji, pima umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mstari wa maji. Pima siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa. Ukipima siku ya maji mafu utajidanganya.

Kama huna uraia wa Tanzania, ile Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu umilikishwe ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Usikubali kununua kwa jina la rafiki.

Hatua ya 6: Kagua jengo

Chukua fundi mzee, anayejua chokaa. Nyumba kongwe za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kuta zake zinahitaji kupumua. Waliozirekebisha kwa plasta ya saruji wameufungia unyevu ndani. Utaona rangi inababuka chini kwa usawa wa goti na ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi. Hilo linatibika, ila kwa kubandua saruji yote na kurudi kwenye chokaa, na gharama hiyo uiingize kwenye bei. Gonga boriti kwa mpini wa kisu. Inayolia kama ina uwazi ndani imeliwa na mchwa.

Paa litazamwe kwa ndani mchana, ukizima taa, uone mwanga unapopenya. Karibu na bahari bati na misumari huliwa na chumvi haraka kuliko bara. Nondo za dari na roshani za nyumba za miaka ya sitini na sabini ndizo hatari zaidi: zege likipasuka kwa mistari mirefu yenye kutu, nondo imeshavimba ndani. Mwisho angalia shimo la choo liko umbali gani na kisima.

Hatua ya 7: Lipa na uhamishe

Tafuta wakili wako, tofauti na wa muuzaji, na uhakikishe jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mkataba wa mauziano utaje namba ya hati, ukubwa wa kiwanja, bei yote, awamu za malipo, tarehe ya kukabidhi, na nani analipa kodi ipi. Kushuhudiwa na viongozi wa mtaa na majirani wa mipakani ni jambo jema sana, kwa sababu wao ndio watakaoitwa siku ya mgogoro. Malipo yoyote utakayoombwa ofisini yawe na namba ya malipo ya serikali na risiti.

Bei ipite benki. Kama ni nyumba ya mirathi, ipite akaunti aliyoitaja msimamizi katika mkataba, na warithi wajue siku fedha zinapoingia. Bakiza sehemu ya bei, mliyokubaliana, hadi uhamisho ukamilike.

Kwa uhamisho wenyewe, wakili atajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, akiambatanisha hati halisi, mkataba, picha, vitambulisho, ridhaa ya mwenzi, risiti za pango na taarifa ya uthamini. Mthamini huja kukagua, kwa hiyo nyumba iwe wazi siku hiyo. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, kisheria ni ya muuzaji, ingawa nyumba ambayo muuzaji mwenyewe ameishi inaweza kupata msamaha kwa masharti. Wauzaji wengi wa mitaani hawaijui kodi hii hadi dakika ya mwisho, kisha biashara inakwama kwa manung'uniko. Mweleze mapema, mkae na karatasi, mpige hesabu pamoja.

Hatua ya 8: Ukishapata ufunguo

Badilisha jina kwenye mita ya maji na LUKU mara moja. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kwenye umeme unaponunua, kwa hiyo hakikisha mita mbili za nyumba moja hazikatwi zote. Pango la ardhi weka tarehe yako ya kulipa kila mwaka. Matengenezo ya paa na mifereji yaanze Desemba au Januari, mafundi wakiwa wanapatikana na kabla masika hayajawafunga kazi zote. Kupaka chokaa kuta kusubiri ziwe kavu kabisa. Na kama kuna bibi au shangazi wa ukoo uliokuuzia ambaye bado anaishi chumba cha uani, mkubaliane kwa maandishi, mbele ya msimamizi na mwenyekiti wa mtaa, atahama lini na kwenda wapi, kabla hujamlipa yeyote awamu ya mwisho.